Seva Ikikwambia 'Imeandikwa', Usiamini Haraka

Si unajua makanga akikwambia, "Chenji yako nakupa hapo mbele"? Umelipa, amekubali, lakini pesa bado iko mkononi mwake. Akishuka kabla yako, imekula kwako. Linux hufanya hivyo na data yako kila siku. Mimi ilinigharimu kujua.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mfumo wa stoku wa duka la vipuri vya magari hapa Nairobi. PostgreSQL juu ya kompyuta kuukuu, RAM GB 8, diski ile ya kuzunguka, UPS hakuna. Mwenye duka, mama mmoja asiyecheka ovyo, akaniita. "Kijana wangu, mteja anangoja risiti hadi anaenda kwa jirani." Usiku nikasoma mahali kwamba ukizima fsync mambo yanakuwa mepesi. Nikazima. Mfumo ukakimbia kama nduthi, na mama akanitumia pesa ya soda.

Sasa sikiza. Programu ikiandika faili, Linux haikimbilii diski. Inaweka data kwenye RAM, inajibu "sawa", halafu inaishusha baadaye kwa mafungu. Ndiyo maana ni haraka, kwa sababu diski ni kobe. fsync ndiyo PostgreSQL ikimwambia makanga: sishuki bila chenji yangu. Ukiizima, hifadhidata inabaki kuamini maneno matupu.

Wiki ya tatu stima ikapotea mchana. Iliporudi, hifadhidata ilikataa kuwaka. Na haikuwa tu mauzo ya dakika za mwisho. Faili zenyewe zilivurugika, kurasa zingine mpya, zingine za zamani. Humo ndimo mlikuwa madeni ya mafundi wa gereji wanaochukua vipuri na kulipa Jumamosi. Nakala ya akiba ilikuwa ya siku tisa nyuma (ndio, najua). Tulipekua risiti za kaboni na mama hadi saa nne usiku. Kuna fundi alikana deni lake, na hatukuwa na cha kumwonyesha.

Dawa ilikuwa pale pale, kwenye mipangilio ambayo sikuwa nimesoma. PostgreSQL huja na shared_buffers ya MB 128 tu. Mwongozo wake unasema anza na robo ya RAM, kwa hiyo kwangu GB 2. Usiipe yote, maana inategemea pia akiba ya Linux, na ukurasa mmoja unaweza kukaa kote kuwili ukala RAM mara mbili.

Bado unataka kasi? Zima synchronous_commit, si fsync. Stima ikipotea utapoteza shughuli za mwisho, kwa mipangilio ya kawaida zisizozidi sekunde 0.6, lakini faili hazivurugiki. Tena unaweza kuizima kwa shughuli moja moja. Nani ameingia kwenye mfumo saa ngapi? Zima. Deni la mtu? Mimi siligusi.

UPS niliinunua kwa malipo yangu ya mwezi huo. Mama bado hunipigia simu mfumo ukichelewa, ila siku hizi hata salamu hakuna: "Kijana, umegusa nini?"