Cheti kinaposema hivi na uso ukasema vile

Sisi tulioko ughaibuni tunaijua nguvu ya karatasi. Wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya ofisa wa uhamiaji, naye anatazama picha, anatutazama usoni, anarudi tena kwenye picha, na jasho linatutoka ingawa hatuna kosa. Dakika tano zile huwa kama mwaka.

Basi tumfikirie mtu ambaye dakika hizo hazimwishii: benki, hospitalini, kituo cha polisi, kila anapoomba kazi.

Audrey Mbugua wa Kenya ni mmoja wao. Alipozaliwa alihesabiwa mtoto wa kiume, na mwaka 2001 akafanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume. Alifaulu vizuri sana, akaenda Chuo Kikuu cha Maseno. Lakini alijijua kuwa ni mwanamke, akaishi hivyo, na cheti kikabaki kumkana. Mwajiri anayeona jina la mwanaume huku mbele yake ameketi mwanamke hana haja ya kuangalia alama. Anauliza cheti kimetoka wapi.

Aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) limbadilishie jina na kuondoa alama ya jinsia. Ilipokwama, alikwenda mahakamani mwaka 2013. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliliamuru baraza limpe cheti kipya, chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: maksi za mtihani hazitolewi kwa kuangalia kama mtahiniwa ni mume au mke, hivyo kuiondoa alama hiyo hakupunguzi thamani ya cheti. Mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliamuru pia shirika la kutetea watu hawa, Transgender Education and Advocacy, lisajiliwe baada ya kukataliwa na bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali.

Hapa tusichanganye mambo. Huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, ni habari nyingine. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha 1,524. Transjenda hawakuwa na safu yao katika sensa hiyo.

Hata hivyo, hukumu ya mahakama haifiki kila mtaa. Haimzuii mwenye nyumba kumtolea mpangaji vitu nje, wala haimlazimishi mzazi kumpokea mwanawe msibani. Wanaofukuzwa nyumbani ndio huishia bila ada, bila kazi na bila wa kuwazika.

Nasi tuna la kujibu. Huku ugenini tunalalamika tukibaguliwa kwa rangi, lafudhi au dini, na tuna haki ya kulalamika. Jioni tunapiga simu nyumbani, tunasikia fulani "amejigeuza," tunacheka. Kiswahili chenyewe kina neno moja tu, "yeye", kwa mume na kwa mke. Dharau tumeileta sisi.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi tulioondoka kwetu bila kupenda tunauliza: na yule anayekataliwa na kwao, tumwite nani?