Namba ya ndege ndiyo huamua pointi za msafiri

ABIRIA wanaonunua tiketi ya kuzunguka dunia huweza kupoteza maelfu ya pointi kwa kutotazama herufi mbili tu zinazotangulia namba ya ndege.

Tiketi hizo huuzwa na miungano ya mashirika ya ndege. Ile iitwayo oneworld Explorer hupangiwa bei kwa idadi ya mabara, si kwa umbali, na humruhusu msafiri kupanda ndege hadi 16 ndani ya mwaka mmoja.

Utata huanzia kwenye safari za ubia, ambamo ndege moja huuzwa kwa namba za mashirika zaidi ya moja. Ndege ya British Airways iendayo New York kutoka London huuzwa pia na American Airlines kwa namba inayoanza na AA. Kiti ni kilekile, chakula ni kilekile, lakini pointi si lazima zilingane, kwani mipango kadhaa, ukiwamo wa Qantas, hukokotoa kwa kufuata namba iliyo kwenye tiketi, wala si rangi ya ndege.

Hivyo mwenye kadi ya Qantas hana budi kulinganisha majedwali ya pointi kabla tiketi haijatolewa, kisha amwombe wakala namba yenye faida zaidi, nafasi ikiwapo.

Ipo hatari nyingine: namba ya shirika mwanachama huweza kubandikwa kwenye ndege ya shirika lisilo la muungano. Oneworld hutoa manufaa yake pale tu ndege inapouzwa na kuendeshwa na wanachama wake.

Vipande vya pasi za kupandia ndege vitunzwe mpaka pointi zote zionekane kwenye akaunti.