Fuvu, Kinyago na Kanda ya Filamu: Namna ya Kuyasoma Makumbusho ya Woga kutoka Mofwe hadi Mbala

Jumba la makumbusho la mji mdogo kwa kawaida huwa na kona moja ambayo wageni huikimbilia kabla ya nyingine. Huko ndiko kuna fuvu, pembe ya mganga, kinyago chenye meno, au bunduki isiyofanana na bunduki yoyote. Katika miji mingine duniani zipo nyumba za makumbusho zinazoweka pamoja historia ya mahali na masalia ya filamu za kutisha: mabango, mavazi na vichwa vya bandia. Mgeni hutoka humo akiwa amechanganya mambo mawili, yaani yaliyotokea kweli na yaliyotungwa ili kumtisha.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kutenganisha mambo hayo mawili. Mifano yetu inatoka ukanda wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, na katika jumba la makumbusho la Moto Moto lililoko Mbala. Tunadai kwamba kitu cha kutisha hakijielezi chenyewe. Maneno yanayowekwa kando yake ndiyo huamua kama mgeni ataona historia au ataona sinema. Kwa sababu hiyo suala hili ni la wanalugha pia, si la wanahistoria peke yao.

Mofwe ni wapi, na inahusu nini Kiswahili?

Mofwe ni wangwa wa maji na matete katika bonde la mto Luapula, kusini mwa Nchelenge na Ziwa Mweru. Kandokando yake ndiko wafalme wa Lunda wenye cheo cha Kazembe walikojenga miji yao mikuu, mmoja baada ya mwingine. Mji wa sasa unaitwa Mwansabombwe. Wenyeji husema Kibemba na lugha za jirani, lakini ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kiswahili ni lugha ya kawaida ya sokoni.

Kiswahili kilifika huku mapema pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka 1867 katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Habari za vita hivyo zimo katika tawasifu aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wa fasihi yetu amekwisha kupita karibu na Mofwe, ingawa huenda hakulitambua jina hilo.

Mafuvu ya langoni

Mwezi wa Novemba 1867 David Livingstone alifika kwa Kazembe. Katika shajara yake aliandika kwamba lango la ua wa mfalme lilipambwa kwa mafuvu ya watu yapatayo sitini. Aliona pia watu waliokatwa masikio na mikono kwa amri ya mfalme. Humohumo alimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Mohammed bin Saleh, ambaye alikuwa amezuiliwa hapo kwa miaka mingi.

Habari hii ndiyo ambayo mtengenezaji wa filamu angeichukua kwanza. Angelipiga picha lango wakati wa machweo, ngoma zikilia, na asingeuliza zaidi. Mwanahistoria hana budi kuuliza mafuvu yale yalikuwa ya akina nani, na yaliwekwa pale ili nani ayaone. Miaka ile ilikuwa ya bunduki na misafara. Wafanyabiashara wenye silaha walikuwa wakijipenyeza katika siasa za ufalme. Lango la namna ile lilikuwa tangazo kwa mgeni kwamba hapa pana mwenyewe. Kulieleza hivyo si kuutetea ukatili. Waliokatwa mikono walikuwa raia wa mfalme huyohuyo, na maelezo yasiyowataja yangekuwa na upungufu mkubwa.

Ikumbukwe pia kwamba waliosimulia habari za mafuvu walizisimulia kwa faida fulani. Mwaka 1899 jeshi la Waingereza liliuchoma mji wa Kazembe. Sifa ya ukatili iliyokuwa imekwisha kuenezwa kwa maandishi ilifanya tendo hilo lionekane Ulaya kuwa ni kuleta ustaarabu. Kama jumba la makumbusho litaonyesha fuvu bila kuutaja moto wa 1899, litakuwa limesimulia nusu ya habari tu.

Kapu la udongo na chungu cha maji

Wenyeji wenyewe wana kisa kinachotisha kuliko lango. Ni kisa cha Nachituti, mwanamke wa jamii ya Washila, wavuvi waliokuwapo kabla ya Walunda. Ndugu yake, mtawala Nkuba, alimwua mtoto wa Nachituti na kuifanya ngozi yake mkeka wa kukalia. Nachituti alipogundua, alikwenda kumlilia Kazembe. Kazembe akamwua Nkuba. Naye Nachituti, kwa kushukuru, akampa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na maziwa yake.

Tazama jinsi ngozi, damu na kichwa vilivyopangwa hapa. Havikutiwa ili kumnyima msikilizaji usingizi. Kisa hiki ni hati ya umiliki. Kinaeleza kwa nini Walunda ni wenye nchi ilhali Washila walitangulia, na kwa nini ushindi ule haukuwa unyang'anyi bali zawadi. Mwanahistoria David Gordon alikitumia kisa hiki kama jina la kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu uvuvi na mali ya pamoja katika Mweru na Luapula, kwa kuwa swali la nani ana haki ya samaki haliwezi kutenganishwa na hadithi hii. Katika sherehe ya Mutomboko, inayofanyika Mwansabombwe mwishoni mwa Julai, mfalme hucheza ngoma ya ushindi mbele ya umati. Huo nao ni ukurasa wa historia hiyohiyo.

Sasa, kapu na chungu vikiwekwa kwenye kabati la kioo, mgeni atapita bila kuvitazama, wakati mkeka wa ngozi ungemkusanyia watu. Lakini kapu na chungu ndivyo vinavyobeba maana. Hili ni somo la kwanza kwa mzuru wa makumbusho: kitu kinachotisha zaidi si lazima kiwe ndicho kinachosema zaidi.

Jumba la Moto Moto

Kutoka Mofwe, safari ndefu ya barabara kuelekea kaskazini-mashariki humfikisha mtu Mbala, mji mdogo karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Zamani uliitwa Abercorn, na huko ndiko jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck liliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Jumba la Moto Moto lilianzishwa hapo mwaka 1974 kama makumbusho ya taifa. Msingi wake ni vitu vilivyokusanywa na Padre Jean-Jacques Corbeil, mmisionari wa shirika la Mapadre Weupe kutoka Kanada.

Jina la jumba lina mvuto kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Moto Moto lilikuwa jina la utani la Askofu Joseph Dupont, wa shirika hilohilo, aliyefanya kazi kwa Wabemba kuanzia miaka ya 1890. Moto kwa Kibemba ni mulilo. Kwa hiyo jina hili lina sauti ya lugha ya misafara, si ya nyumbani.

Mkusanyiko unaojulikana zaidi ni wa mbusa. Hizi ni sanamu za udongo na michoro iliyotumika katika chisungu, yaani unyago wa wasichana wa Kibemba. Zipo za wanyama kama simba na kobe, na za vitu vya nyumbani. Kila moja ina wimbo wake na maana yake kuhusu ndoa, kazi na heshima. Audrey Richards aliieleza ibada hii katika kitabu chake cha mwaka 1956, na Corbeil alichapisha chake kuhusu mbusa mwaka 1982.

Mtu asiyeambiwa haya akiiona sanamu ya udongo mwekundu na mweupe yenye madoadoa, ni rahisi aseme, "Uchawi huo!" Kumbe aliyotazama ni zana ya kufundishia. Ni kama mtu aingie darasani usiku, aone kiunzi cha mifupa cha somo la baiolojia, kisha atangaze kwamba shule ile ni ya wachawi. Aliyekosekana ni mwalimu, yaani nacimbusa, ambaye kwa wimbo wake sanamu huwa somo. Katika makumbusho, kazi ya nacimbusa imeachiwa kadi ndogo ya maelezo.

Banyama na mumiani

Kuna woga mwingine wa nchi hii ambao haukuacha sanamu wala fuvu, bali maneno tu. Zama za ukoloni, katika Rodezia ya Kaskazini watu walisema kuna banyama, watu wanaokamata wenzao usiku ili kuwanyonya damu. Katanga waliitwa batumbula. Nairobi na Kampala walihusishwa na wazimamoto. Pwani na Tanganyika neno lilikuwa mumiani, ambalo asili yake ni Kiajemi na hapo awali lilimaanisha dawa nyeusi kama lami ya kutibu mivunjiko. Luise White alizichunguza habari hizi katika kitabu chake cha mwaka 2000, na alionyesha kwamba Mapadre Weupe wenyewe walitajwa kuwa ni banyama. Kwa maneno mengine, shirika lililotukusanyia vitu vya Moto Moto liliwahi kuogopwa na watu walewale waliovitengeneza.

Haya si ya kuchekwa. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, umati ulimwua askari polisi kwa sababu ya uvumi wa mumiani. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Mapema mwaka 2020, Zambia ilikumbwa na uvumi wa watu wanaopuliza gesi majumbani usiku ili kuchukua damu, na makumi ya watu waliuawa na makundi yenye hasira. Waliokufa hawakuwa banyama. Walikuwa wapita njia, wageni, au watu waliotajwa.

Kutajwa ndiko kunakoua. Sheria ya uchawi ya Zambia, iliyotungwa mwaka 1914, inalifanya kuwa kosa kumwita mtu mchawi au kumtaja hivyo. Tunaweza kuibishia sheria hiyo ya kikoloni kwa mengi, lakini ilitambua jambo ambalo mwandishi wa kadi za makumbusho anapaswa kulikumbuka: neno ni tendo.

Mfano wa pili uko katika jumba la makumbusho la Livingstone, kusini mwa nchi. Huko vilipelekwa vitu vilivyokamatwa katika kesi za uchawi za wilaya ya Kalabo mwaka 1956 na 1957, vikiwamo vibunduki viitwavyo kaliloze. Barrie Reynolds aliviandikia kitabu mwaka 1963. Kadi ikisema "bunduki ya mchawi", imemhukumu mtu. Ikisema "bunduki iliyokamatwa na serikali katika kesi za Kalabo", imetupa tarehe, mahali na mkono uliokitwaa kitu, kisha imetuachia nafasi ya kuuliza.

Na filamu je?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania nayo ilianza kutengeneza filamu za kutisha kwa Kiswahili. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, jina lenye asili ya Kinyakyusa, na Shumileta, kuhusu jini la kike. Filamu hizi ziliuzwa kwa kanda za video, na baadaye kwa diski, zikiwa na makasha ya rangi kali.

Tusizidharau. Filamu ya kutisha huahidi waziwazi kwamba ni mchezo. Mtazamaji hulipa, huogopa, hucheka, hulala. Hatari iko pale mchezo unapovaa nguo za ushahidi, au ushahidi unapovaa nguo za mchezo. Kasha la Nsyuka likihifadhiwa vizuri litawaambia wajukuu wetu watu wa mjini waliogopa nini katika miaka ile: wafu wanaorudi, utajiri usioeleweka, ndugu asiyeaminika. Kanda za video huharibika haraka kwa joto na unyevu, na zimekwisha kuwa adimu. Mahali pake ni kwenye makumbusho, mradi kadi yake iseme kwamba hii ni filamu, ilitungwa na fulani, mwaka fulani.

Maswali ya kwenda nayo

Kwa mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi kwenye makumbusho yoyote, yawe Mbala, Dar es Salaam au kwingineko, tunapendekeza kila mwanafunzi achague kitu kimoja kinachomtisha na ajibu maswali manne kwa Kiswahili:

1. Nani alikitengeneza, na kwa kazi gani?
2. Nani alikusudiwa kukiona, na nani alikatazwa?
3. Kilifikaje hapa: kwa zawadi, kununuliwa, kukamatwa au kuporwa?
4. Kadi ya maelezo inamtaja nani kuwa mwovu, na imepata wapi haki hiyo?

Kisha mwanafunzi aandike kadi mpya isiyozidi maneno arobaini. Zoezi hili hufundisha msamiati, ngeli na ufupisho kwa mara moja, lakini zaidi hufundisha tofauti ya maneno kama mganga, mchawi, mlozi na fundi, ambayo katika kamusi hukaa karibu karibu lakini katika maisha humtenga aliye hai na aliyeuawa.