Ugali Huenda Wapi Tukishaumeza?

Chakula huanza kusagwa mdomoni. Mate hugeuza sehemu ya ugali kuwa sukari. Tumboni, asidi huvunja nyama na maharagwe. Halafu utumbo mwembamba, wenye mita kama 6, humaliza kazi na kuingiza chakula kwenye damu.

Mtoto akiharisha, wengine humnyima chakula ati tumbo lipumzike. Hapana! Utumbo bado unafyonza. Katika lita 1 ya maji safi tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visirundikwe. Sukari ndiyo huvuta chumvi na maji kuingia mwilini. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Macho yakididimia, mkimbizeni dispensari.