Punda Anywe Kwanza

Tala hatuna ziwa. Ukitoka sokoni ukatazama kaskazini utauona mlima wa Kilimambogo, na nyuma yake Mto Athi unaporomoka kwa kishindo pale Fourteen Falls, ila maji yale ni ya wageni wa Jumapili na kamera zao. Maji yetu ni ya silanga, bwawa la udongo lililochimbwa kwa mwethya, kazi ya ujima ya Wakamba. Mvua za Novemba hulijaza pomoni. Ikifika Septemba limebaki dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe, mbuzi, watoto na mitungi vinang'ang'ania ukingo mmoja.

Susu wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa na mfereji kwenye paji la uso, kutoka upande hadi upande. Ukipitisha kidole ulihisi mfupa umebonyea. Ilikuwa kazi ya mukwa, ule ugwe wa ngozi ambao mwanamke wa Kikamba aliupitisha kichwani na mzigo wa maji au kuni ukaning'inia mgongoni. Siku punda alipoletwa nyumbani kwetu, Susu hakumfunga mzigo hata mmoja. Alikaa kivulini asubuhi nzima akishona tandiko la magunia mawili, katikati akajaza mabaki ya blanketi, kisha akaliweka mgongoni na kupenyeza kiganja chini yake, huku na huku, akitafuta pale patakapouma. Mitungi minne ya lita ishirini ni kilo themanini. Aliyebeba robo yake kwa paji la uso hahitaji kufundishwa na mtu.

Nalisema hili kwa sababu punda hana nafasi katika mila zetu. Ng'ombe anayo, tena kubwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya watu wa Machakos mifugo kwa kisingizio kwamba imezidi na ardhi inamomonyoka, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor karibu wiki sita wakidai kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango ule wa kupunguza ng'ombe kwa nguvu ulikufa. Mbuzi naye ana heshima yake: bila mbuzi wa ntheo, wazee hawakubali kwamba umeoa, hata ukae na huyo mke miaka thelathini. Punda je? Hatolewi mahari, haliwi kwenye sherehe, hakuna anayemtungia wimbo. Jina lake tunalikumbuka tukitaka kumtukana mtu. Na ule msemo wa asante ya punda ni mateke, mimi naona ulitungwa na mtu aliyefunga kamba ya nailoni juu ya kidonda, kisha akashangaa.

Maana vidonda ndiyo taabu yenyewe. Punda hapigi kelele akiumia. Atasimama tu, masikio nyuma, mdomo wa chini umelegea, na mwenye mkokoteni atadhani amelala. Wavulana wanaokodisha punda kubeba mchanga na maji hulipwa kwa safari, kwa hiyo kila dakika ya kupumzika ni pesa iliyopotea, na fimbo hufanya kazi ya mafuta ya gari. Sheria ipo: ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kupita kiasi na kumbebesha asichokiweza. Ila pale silanga sijamwona askari.

Kilichotufumbua macho ni wizi. Mwaka 2012 Kenya iliruhusu punda achinjwe kama mnyama wa nyama, na baadaye vikafunguliwa vichinjio vinne, kimoja hapa hapa Machakos. Ngozi zilikwenda Uchina, zikachemshwa kupata gundi ya dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Wa kwetu tulimlaza jioni amefungwa mwembeni, asubuhi tukakuta kamba imekatwa kwa kisu. Wiki ile mama alirudi kubeba mtungi mgongoni, na mdogo wangu akawa anafika shule saa tatu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Afrika wakakubaliana huko Addis Ababa kuukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sisi hatukungoja. Punda wengi mtaani kwetu sasa hulala ndani ya boma na ng'ombe, wengine jikoni kabisa, jambo ambalo babu angelicheka hadi akohoe.

Susu alifariki, tandiko lake likaliwa na mchwa, lakini tulipopata punda mwingine mama alishona lingine kwa kipimo kile kile. Anayetumwa maji akifika silanga hatii mtungi majini kabla ya punda kunywa. Naye ni mteuzi: hupita ukingo uliochafuliwa na ng'ombe, hunusa, husogea hatua tatu, hunusa tena, kisha hunyonya maji kimya kwa ncha ya midomo. Juzi jirani aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alianza kunung'unika kwamba jua linapanda.

"Mwaitu," mdogo wangu akamjibu, "amalize kwanza. Ndiye atakayeyabeba."

Yule mama akakaa juu ya mtungi wake, akavua leso, akajipangusa paji la uso.