Mzinga wa Nchi Kavu Unapopandishwa Merikebuni

Vijana wengi wakitazama picha za vita hudhani kuwa mzinga ni mzinga tu, na kwamba uliopiga vizuri juu ya kilima utapiga vizuri vilevile juu ya sitaha ya merikebu, maadamu umefungwa imara. Dhana hii haikuwapata vijana peke yao. Imewapata pia maofisa waliosomea kazi yao vyuoni, na jambo hilo lilionekana waziwazi hapa kwetu Afrika ya Mashariki, katika Ziwa Tanganyika, mwaka 1916, pale mzinga uliokusudiwa kuilinda pwani ulipotiwa katika stima ndogo, ukawatia wenyewe katika mashaka makubwa siku ya mapigano.

Kabla ya kufika ziwani, yatupasa kufahamu mzinga hufanya nini unapolia. Baruti inapowaka ndani ya mtutu hugeuka kuwa hewa ya moto yenye nguvu nyingi, nayo hulisukuma kombora mbele. Lakini nguvu hiyo haichagui upande. Kwa kadiri inavyolisukuma kombora mbele, ndivyo inavyousukuma mtutu nyuma. Aliyepata kupiga bunduki ya marisau analijua teke lake begani. Teke la mzinga ni hilohilo, ila limekuzwa mara nyingi mno.

Mzinga wa nchi kavu umetengenezwa kwa kuitegemea ardhi. Hukaa juu ya magurudumu mawili makubwa, na nyuma una mkia mrefu wa chuma wenye jembe mwishoni. Unapopigwa, jembe lile hujichimbia udongoni, na dunia nzima ndiyo inayolipokea teke. Udongo ukichimbika mno, watu huusogeza mzinga pembeni kidogo na kuendelea na kazi.

Merikebuni hakuna udongo. Sitaha imeshikwa na mataruma, mataruma yameshikwa na mkuku, na mkuku unaelea majini. Kila mtu aliyezaliwa karibu na maji amepata kumwona mgeni wa vyombo akiruka kutoka mtumbwini kwenda gatini: yeye huenda mbele, mtumbwi hurudi nyuma, na mara nyingi huangukia katikati, watu wakacheka. Mzinga uliofungwa sitahani hulifanyia merikebu jambo lilelile. Kama chombo ni kikubwa, hakioni kitu. Kama ni kidogo, mbao hulegea na misumari hufunguka. Au chombo chote hutikisika, na mpigaji akapotewa na shabaha aliyokuwa ameishika.

Kwa ajili hiyo mafundi wa zamani walitenganisha mizinga ya namna hizi mbili. Ya nchi kavu walizipa gari lenye magurudumu makubwa ili ikokotwe na farasi au ng'ombe katika njia mbaya. Ya merikebuni waliiweka juu ya kitanda kifupi cha mbao chenye magurudumu manne madogo, wakaifunga kwa kamba nene ubavuni mwa chombo. Mzinga ulipolia ulirudi ndani mpaka kamba ikauzuia. Watu wakautia baruti na kombora jingine papo hapo, kisha wakauvuta tena mpaka tunduni. Aliyejaribu kutumia gari refu la nchi kavu mahali pale pembamba alikosa hata nafasi ya kusimama nyuma yake.

Wala asidhani mtu kuwa taabu hii imekwisha kwa ufundi wa siku hizi. Mwaka 2002 Wajerumani walitwaa kibanda cha chuma pamoja na mzinga wake wa milimita 155 kutoka katika gari la vita liitwalo Panzerhaubitze 2000, wakakipandisha juu ya manowari yao mpya, Hamburg, kwa majaribio. Shauri lilikuwa la kupendeza: mzinga ulikuwa tayari, makombora yalikuwa tayari, na masafa yake ni marefu. Lakini ilibidi kitafutwe kitako chenye kunyumbuka ili teke lisiumize sitaha, na kila chuma kilichozoea vumbi kikingwe na chumvi ya bahari. Mwishowe shauri likaachwa. Manowari za jamii ya Baden-Württemberg zilizojengwa baadaye zikapewa mzinga wa milimita 127 kutoka Italia, uliobuniwa tangu mwanzo kwa kazi ya baharini.

Sasa twende Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na vita vya 1914 vilipoanza, ng'ambo ya mashariki ilikuwa ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, na ng'ambo ya magharibi ilikuwa ya Wabelgiji wa Kongo. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo wa 1914, jirani kabisa na mji wa kale wa Ujiji. Aliyekuwa na stima zenye mizinga ziwani aliweza kuvusha askari na vyakula kwa siku chache. Asiyekuwa nazo alilazimika kuwatwika watu. Na maana ya kuwatwika watu katika vita vile tunaijua: wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa kuhara na kwa kuchoka, na wengi wao hawakuandikwa majina popote. Kwa hiyo suala la mzinga gani ufungwe katika stima gani halikuwa mchezo wa maofisa. Lilikuwa na uzito juu ya vichwa vya watu wasiopata hata kuuona mzinga wenyewe.

Wajerumani ndio waliotangulia. Walikuwa na stima Hedwig von Wissmann na nyingine ndogo zaidi, Kingani, iliyopewa jina la ule mto wa Bagamoyo tunaouita Ruvu. Mzinga wa Kingani ulikuwa omoni, na haukuweza kupiga ila mbele. Nahodha akitaka kupiga upande, sharti aigeuze stima nzima. Tusimlaumu fundi aliyeufunga hivyo. Katika chombo chembamba teke linaloelekea tezi huenda na urefu wa mkuku, ambao ndio wenye nguvu, ilhali teke la ubavuni hukilaza chombo.

Waingereza nao walileta mashua mbili za mota kutoka kwao, zikavutwa nchi kavu kupitia Afrika ya Kusini na Kongo, kwa reli, kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mabega ya watu. Moja iliitwa Mimi na ya pili Toutou. (Mimi hapa ni neno la Kifaransa la kumwitia paka, si mimi yetu.) Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, yenye ubavu wa mbao, na ikatiwa omoni mzinga mdogo wa kombora la ratili 3. Zilipojaribiwa katika mto Thames mwezi wa Juni 1915, Mimi ilipiga kombora lake la kwanza likafika shabaha barabara; lakini mzinga ulikuwa haukufungwa sawasawa, ukang'oka sitahani ukatumbukia mtoni pamoja na mpigaji wake! Afadhali somo hilo lilipatikana kwao, mbele ya mafundi, kuliko kupatikana katikati ya ziwa mbele ya adui.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizi ziliikuta Kingani karibu na Lukuga, upande wa Kongo. Zilikuwa nyepesi na za mbio, zikakaa nyuma na ubavuni mwake, mahali ambapo mzinga wake wa omoni haukufika. Kombora moja likapiga penye mzinga, likamwua nahodha wake, Junge, na wenziwe. Kingani ikakamatwa, ikavutwa pwani, ikazibwa matundu, ikapewa jina jipya: Fifi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mkuu wa Waingereza, Spicer-Simson, aliona kuwa mzinga wa zamani wa stima ile haukutosha. Palikuwapo mzinga wa kombora la ratili 12 uliokusudiwa kulinda pwani, akaamuru ufungwe omoni mwa Fifi, na ule wa zamani akauhamishia tezi. Ukitazama karatasini, ni busara tupu: mzinga mkubwa zaidi, na masafa marefu zaidi. Lakini mzinga ule ulikuwa wa kupiga ukiwa juu ya nchi, na Fifi ilikuwa stima ya tani 50 tu au kupungua, yenye kuni na mvuke, isiyojengwa kwa uzito huo puani mwake.

Siku ya hesabu ilikuwa tarehe 9 Februari 1916. Hedwig von Wissmann ilionekana, Fifi na Mimi zikatoka pamoja na chombo cha Wabelgiji, na Hedwig ikageuka kukimbia. Fifi ikafungua mzinga wake mkubwa. Masimulizi ya siku ile yanasema kwamba teke liliisimamisha stima papo hapo, na Odebrecht, nahodha wa Hedwig, akapata nafasi ya kujitenga.

Mimi nina shaka na neno hilo la kusimama. Kombora la ratili 12 halifiki kilo 6. Hata tukilikadiria mwendo wa mita 600 kwa sekunde, na tukaongeza nguvu ya hewa inayotoka mtutuni, stima ya tani 50 haipotezi zaidi ya sentimita 10 hivi za mwendo kwa sekunde kwa kila pigo. Hiyo si kusimama. Walakini mfukuzaji asiyemzidi anayefukuzwa kwa mbio hana hata sentimita 10 za kutupa, na akirudia kupiga hurudia kupoteza. Tena teke la omoni huinua na kushusha pua ya chombo, na mpigaji hana budi kutafuta shabaha upya kila mara. Nadhani mabaharia waliousikia mtikisiko ule chini ya nyayo zao walisema imesimama kwa sababu ndivyo walivyoona moyoni.

Ikawa makombora ya Fifi yanaruka juu ya adui na kuanguka mbele yake. Mimi ikapita mbio, ikamkaribia Hedwig na kumsumbua kwa mzinga wake mdogo, hata Hedwig ikalazimika kugeuka mara kwa mara ili kuielekezea mizinga yake, na kila kugeuka kukaipunguzia mwendo. Kisha Mimi ikarudi kumwambia mkuu wake kuwa makombora yanapita juu. Wakati huo Fifi ilikuwa imebakiwa na makombora matatu tu. Moja likakwama mtutuni bila kulipuka, na dakika 20 zikapita watu wakingoja kwa hofu kabla ya kulitoa. Ndipo yaliyosalia yakapata shabaha. Hedwig ikapigwa ubavuni na penye injini, ikazama, na ndani yake wakafa Wazungu na Waafrika. Ushindi ulipatikana, lakini mtu mwadilifu atakiri kuwa sifa kubwa ilistahili mashua ndogo yenye mzinga mdogo unaolingana nayo.

Upande wa pili Wajerumani walikuwa na hazina nyingine. Manowari yao Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikakokotwa na watu mpaka Dar es Salaam, na katika karakana ya reli ikatengenezewa magari ya magurudumu. Hiyo ilikuwa kazi ya kinyume: mzinga wa majini kufundishwa kukaa nchi kavu. Mmoja wao ukapelekwa Kigoma, ukapandishwa juu ya meli mpya Graf von Götzen, iliyokuwa imeletwa vipande vipande katika masanduku 5,000 hivi kutoka Papenburg na kuungwa Kigoma. Meli hii ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Kwa mwili kama huo teke la milimita 105 si kitu, na mzinga wenyewe ulikuwa umezaliwa kwa ajili ya sitaha. Spicer-Simson alipoiona meli ile kwa mara ya kwanza, alikataa kutoka kupigana nayo. Nami simhesabii kuwa mwoga kwa hilo.

Lakini vita vya bara viliuhitaji mzinga kuliko ziwa. Mwaka 1916 ukashushwa tena kutoka melini ili ukapigane nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao, uliofanana nao ukiutazama kwa mbali. Ndege za Wabelgiji ziliposhambulia Kigoma mwezi wa Juni, meli kubwa kuliko zote za ziwani haikuwa tena na silaha yake kuu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito ili zisile kutu. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikichukua abiria, dagaa na magunia ya nafaka kati ya Kigoma na bandari za kusini.