Kifafa si pepo wala laana, ni hitilafu ya umeme ubongoni

NI saa moja jioni na steji imejaa watu wanaosubiri matatu. Ghafla kijana mmoja anatoa sauti na kuanguka chini. Mwili wake unakakamaa, kisha mikono na miguu inaanza kutikisika kwa nguvu. Povu linamtoka kinywani.

Watu wanatawanyika. Mmoja anaagiza kijiko. Mwingine anavua kiatu ili amnusishe. Wa tatu anaonya kwamba yeyote atakayeguswa na lile povu ataupata ugonjwa huo.

Huenda nawe, msomaji, umewahi kushuhudia kisa kama hiki. Je, ulifanya nini?

Ugonjwa huo ni kifafa. Ili uelewe ni kwa nini kijiko na kiatu havisaidii, na ni kwa nini povu hilo haliambukizi mtu, yafaa kwanza ujue jinsi ubongo unavyofanya kazi.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4 tu, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili huhitaji unapokuwa umepumzika. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Kutoka ubongoni, ujumbe hupitia katika uti wa mgongo na mishipa ya fahamu hadi kwenye ncha za vidole.

Seli hizo huwasiliana kwa umeme. Huu si umeme kama ule wa stima ya nyumbani. Hutokea wakati chembe za madini, hasa sodiamu na potasiamu, zinapoingia na kutoka kupitia ukuta mwembamba wa seli. Katika mishipa iliyo na kasi zaidi, ujumbe huweza kusafiri mita 100 kwa sekunde moja.

Umeme ukifika mwisho wa seli hukuta mwanya mdogo sana. Hapo seli humwaga kemikali ambayo huvuka mwanya huo na kuifikia seli ya pili. Kuna kemikali zinazoichochea seli ya pili ipitishe ujumbe, na kuna zinazoituliza. Ubongo hufanya kazi vyema pande hizi mbili zinapolingana.

Chukua mfano wa soko la Gikomba asubuhi. Kila mwuzaji anazungumza na mteja wake, na ingawa kuna makelele, biashara inaendelea. Sasa fikiria watu wote sokoni wakipiga ukelele mmoja kwa pamoja, tena na tena. Hakuna atakayeuza wala kununua.

Hivyo ndivyo kifafa kinavyotokea. Seli nyingi hutoa umeme kwa wakati mmoja na kupita kiasi, na kazi ya kawaida ya ubongo huvurugika.

Dalili hutegemea mahali

Si kila mwenye kifafa huanguka. Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake, na dalili hufuata sehemu iliyovurugika.

Upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili. Kwa hiyo hitilafu ikianzia katika sehemu ya kulia inayoongoza mkono, ni mkono wa kushoto utakaotikisika. Ikianzia kisogoni, ambako ubongo hushughulikia kuona, mgonjwa anaweza kuona miali ya mwanga ambayo haipo. Mwingine husikia harufu ambayo hakuna mwingine anayeisikia. Hitilafu ikienea pande zote mbili, mtu hupoteza fahamu na kuanguka.

Kuna pia watoto ambao hukodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia lolote, kisha wakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu anaweza kudhani mtoto ni mtundu au hasikilizi, na kumwadhibu bure. Mtoto anayefanya hivyo mara kwa mara apelekwe kwa daktari.

Chanzo chake

Ubongo unaweza kupata kovu kutokana na ajali ya barabarani, malaria kali iliyofika ubongoni, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, au mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Chanzo kingine ni tegu wa nguruwe. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Mtu akiyameza kupitia mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa ubongoni. Hata asiyekula nyama ya nguruwe anaweza kupatwa.

Wengine hurithi hali hii, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Lakini hakuna anayeambukizwa kwa kumgusa mgonjwa. Povu ni mate tu ambayo hakuweza kuyameza. Likiwa na damu, kwa kawaida ni kwa sababu ameuma ulimi.

Kumsaidia mgonjwa

Tazama saa ujue mshtuko umeanza lini. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mwekee koti au kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo zilizombana shingoni. Mwili ukitulia, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.

Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Hawezi kumeza ulimi wake, lakini kijiko kinaweza kumvunja meno. Usimshikilie kwa nguvu, na usimpe maji wala dawa ya kumeza kabla hajapata fahamu kamili.

Mshtuko ukipita dakika tano, ukirudi kabla hajazinduka, au mgonjwa akiwa ni mja mzito au ameumia, mkimbize hospitalini. Fanya vivyo hivyo ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza.

Akizinduka, anaweza kuchanganyikiwa au kutaka kulala. Kaa naye na uwafukuze wanaomkodolea macho.

Matibabu yapo

Mshtuko mmoja si lazima uwe kifafa. Sukari ikishuka sana mwilini, au mlevi akiacha pombe ghafla, anaweza kutikisika vivyo hivyo. Daktari atataka maelezo ya aliyeshuhudia, na anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa ubongo. Mtu wa kwanza kuunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, mwaka wa 1924.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata matibabu yafaayo. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka wa 1912, bado inatumika. Huzipa nguvu zile kemikali zinazotuliza seli.

Dawa hizi humezwa kila siku, hata mgonjwa anapojihisi mzima. Akiziacha ghafla, mishtuko inaweza kurudi kwa ukali na hata kuhatarisha maisha yake. Mwanamke anayetumia dawa ya valproeti na anayetarajia kupata mimba amwone daktari mapema, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Familia nyingi hupoteza miaka kwa waganga, na mtoto hufichwa nyumbani asiende shule. Ikiwa mtoto kama huyo yuko kwenu, mpelekeni kliniki wiki hii, na aandamane na mtu aliyemwona akianguka.